Toeni huo mto chini ya goti

Siku ya nne tangu mama mkubwa arudi nyumbani Kibosho, mlimani Kilimanjaro, na goti jipya la mguu wa kulia, nilimkuta kalazwa kama mwali. Mito mitatu: mmoja kichwani, mmoja mgongoni, na wa tatu, mnene kuliko yote, umekunjwa na kusukumwa chini ya lile goti lililofanyiwa upasuaji. Kwenye stuli pembeni palikuwa na chupa ya chai, bakuli la mtori lililofunikwa kwa sahani, na kengele ya mbuzi. Ndiyo, ya mbuzi. Binamu zangu waliitoa bandani, wakaisugua kwa sabuni na kumpa, ili akitaka chochote aitikise tu, asihangaike kunyanyuka. Kila aliyeingia kumjulia hali alisema neno lile lile: "Pole mama, pumzika, usijitese." Nami nikasema hivyo hivyo, nikakaa, nikanywa chai yake.

Jumapili, baada ya misa, alipita kijana wa jirani anayefanya kazi ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) mjini. Akaamkia, akauliza usiku ulikwendaje, kisha akanyamaza akiangalia ule mwinuko kwenye blanketi. "Bibi, huu mto nani kauweka?" Binamu yangu mkubwa, dada wa nyumba ile, akajibu kwa fahari kwamba ni yeye. Kijana akauvuta taratibu, akauweka kitini. "Dada, samahani sana. Kwa mapenzi haya, mama atabaki kuchechemea."

Ninaandika kwa sababu ya ule mto. Sisi wa huku mlimani tunajua kuuguza. Mgonjwa akitoka hospitali hakosi supu, hakosi mtu wa kulala naye chumbani, hakosi wageni wenye sukari na mkate. Lakini kuuguza tulikozoea ni kule kwa homa na kwa mama aliyejifungua: mlaze, mlishe, mfunike, asishike kitu. Kwa mgonjwa wa goti bandia utaratibu huo huo ndio unaomharibia, tena kwa mikono ya wale wanaompenda kuliko wote. Na hospitali zetu, ambazo zinajua hivyo, zinamkabidhi mgonjwa kwa watu hao bila kuwaambia lolote la maana.

Goti lililotoka kupasuliwa limejaa majimaji na damu. Likiwa hivyo, mkao unaolipa nafuu ni kukunjwa kidogo, kama nyuzi 30 hivi (zile nyuzi za pembe tulizopima kwa kipimapembe darasani), maana hapo ndipo mfuko unaokizunguka kiungo unapolegea na msukumo wa ndani ukapungua. Mgonjwa haijui hesabu hiyo, mwili wake unaijua. Mguu wenyewe utajikunja na kutulia hapo. Ukiuwekea mto, umeubariki. Wiki zinapita, kovu la ndani linakomaa katika mkao huo, misuli ya nyuma ya paja inakaza, na siku mama anaposimama goti halinyooki.

Wengi tunadhani balaa la goti bandia ni kushindwa kukunja. Kushindwa kunyooka kunachosha zaidi. Jaribu mwenyewe ukiwa stendi ya Moshi unasubiri gari lijaze: simama ukiwa umekunja goti moja kidogo tu, usilinyooshe hata mara moja. Abiria wa mwisho hajapatikana, paja lako litakuwa linatetemeka. Sasa mfikirie mtu wa miaka 68 anayesimama hivyo jikoni kuanzia asubuhi.

Dawa yake haina gharama wala raha. Unaviringisha taulo, unaweka kisigino juu yake, goti linabaki hewani bila kitu chini, na uzito wa mguu wenyewe unalinyoosha. Dakika 5 mpaka 10, mara kadhaa kwa siku. Dada wala hakuhitaji kuutupa mto wake. Ulipaswa kukaa sentimita arobaini chini zaidi, basi.

Watu husema "amebadilishiwa goti" kana kwamba limeng'olewa lote na kuwekwa jingine. Kinachofanyika ni kukata ncha zilizosagika za mfupa wa paja na wa muundi, kuzivisha chuma, na kuweka plastiki ngumu katikati ili chuma kisisugue chuma. Magoti yanayowekwa leo yanafuata kwa kiasi kikubwa kazi ya miaka ya 1970, hasa goti ambalo John Insall na wenzake walianza kuliweka New York mwaka 1974. Ni ufundi uliokomaa. Takwimu za daftari za kitaifa za wagonjwa zilizochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2019 zinaonyesha kwamba magoti kama 82 kati ya 100 bado yako mahali pake baada ya miaka 25. Chuma hakina neno. Hata hivyo tafiti za nchi za nje zinarudia jambo jingine lisilopendeza: karibu mtu 1 kati ya 5 waliowekewa goti anasema hakuridhika nalo. Sababu ni nyingi, na nyingine ni matarajio yaliyopanda mno. Ila moja iko wazi. Goti ni jipya, paja linaloliendesha ni lile lile la zamani, tena limedhoofu.

Ndani ya mwezi wa kwanza msuli mkubwa wa mbele ya paja hupoteza nusu au zaidi ya nguvu zake. Si kwa sababu umekatwa wote. Goti lililovimba hupeleka taarifa kwenye mishipa ya fahamu, na amri ya kukaza msuli inapunguzwa kabla haijafika. Msuli upo, umezimwa. Ndiyo maana zoezi la kwanza kabisa linaonekana la kitoto: lala chali, nyoosha mguu, kandamiza goti kwenye godoro, kaza paja, hesabu mpaka tano, legeza.

Mama mkubwa alicheka. Mwanamke aliyebeba mikungu ya ndizi kutoka Kibosho mpaka sokoni ujana wake wote anaambiwa akandamize godoro! Akajaribu. Paja halikufanya kitu. Akajaribu tena, akauma meno, mguu wa kushoto ukakaza, mabega yakakaza, mpaka shingo ikakaza, lile paja la kulia likatulia kama halimo. Aliliangalia kama mama anavyomwangalia mtoto aliyeitwa mara tatu na hajaitika. Hakucheka tena. Ilichukua siku mbili kabla kile kifuniko cha goti hakijasogea, nasi tuliokuwa tumezunguka kitanda tukapiga makofi kama tumeona jino la kwanza.

Niseme neno juu ya bamia. Huku kwetu mtu akiumwa magoti anaambiwa mafuta yamekwisha, na dawa ya mafuta yaliyokwisha ni kitu chenye ute: bamia, makongoro, supu ya kwato mpaka ikigandisha bakuli. Mimi nayapenda makongoro na nitaendelea kuyala. Lakini ute wa kwenye sufuria hausafiri kutoka tumboni mpaka gotini. Unasagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Kilichonishangaza ni kwamba familia yetu ilikuwa tayari kutafuta kwato za ng'ombe wiki nzima, na haikuwa tayari kumsimamia mama dakika 20 za mazoezi. Kupika ni kupenda. Kumwambia mgonjwa "rudia tena" kunaonekana ni ukatili.

Na hili lilianza zamani kabla ya kisu. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu 100 wenye magoti yaliyosagika kiasi cha kustahili upasuaji. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi na huduma nyingine, nusu wakapewa mazoezi na huduma hizo bila upasuaji. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, hilo lisifichwe, ingawa madhara makubwa nayo yalikuwa mengi zaidi upande wao. Lakini katika wale 50 wa mazoezi, ndani ya mwaka mmoja ni 13 tu waliokwenda kupasuliwa. Mama mkubwa hakuwahi kuambiwa habari za mazoezi kwa miaka yote tisa aliyolalamika. Aliambiwa apunguze uzito na aache kupanda kilima, naye nyumba yake iko juu ya kilima.

Turudi chumbani. Kijana wa jirani hakutuachia mashine. Alituachia kiti cha mbao cha jikoni, mfuko wa plastiki, kipande cha chaki na sahani mbili.

Kiti ni cha mbao kwa sababu sofa zetu ni adui. Zile sofa za sebuleni zilizofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono zinakumeza. Goti linapanda juu ya nyonga na mtu wa goti bandia anakwama humo mpaka avutwe mikono. Kiti cha jikoni ni kirefu na kigumu. Mfuko unawekwa chini ya unyayo, juu ya sakafu ya saruji, ili mguu uteleze. Mama anakaa wima, anarudisha mguu nyuma chini ya kiti polepole mpaka unapokataa, anashikilia, kisha anasogeza makalio mbele kidogo huku mguu ukibaki pale pale, na goti linakunjwa nyuzi chache za ziada ambazo hakutaka kuzitoa. Hapo ndipo jasho linapotoka. Mahali kidole gumba kilipofika panachorwa mstari wa chaki na kuandikwa tarehe.

Ile mistari ilifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Goti lina tabia ya kukudanganya: kila asubuhi linaamka gumu kama halijawahi kukunjwa, na mgonjwa anaapa kwamba amerudi nyuma. Sakafu haikubali. Mstari wa tarehe 9 uko pale, wa tarehe 14 uko nyuma yake vidole vitatu.

Sahani zilikuwa za kuhesabia. Maharage 15 kwenye sahani ya kushoto. Kila akikunja, punje moja inahamia kulia. Aliyekuwa akihamisha ni mjukuu wake wa darasa la tatu, na hapa nimejifunza jambo ambalo sijaliona kwenye karatasi yoyote ya hospitali. Sisi watoto wake hatukuweza kumwamrisha. Utamwambiaje mama yako "bado mara nane" wakati machozi yanamlenga? Akisema "mwanangu, basi," umebaki na nini? Unasema basi. Lakini bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu anaweza kumwambia bibi kwamba ni mvivu, kwamba ameiba punje, kwamba amemwona akihamisha mbili kwa mpigo, na bibi akamtukana kwa upendo na kurudia. Mtoto yule alikuwa mkali kuliko mganga yeyote. Kama ningekuwa napanga utaratibu wa mazoezi ya nyumbani Kilimanjaro, swali la kwanza kwa familia lingekuwa: hapa ndani nani ana utani na mgonjwa?

Kosa jingine la mapenzi lilikuwa kwenye dawa. Tuligundua wiki ya pili kwamba mama alikuwa akizifunga dawa za maumivu kwenye pindo la kanga "za akiba, yakizidi". Ana hofu ya figo kama watu wengi wa rika lake, na sisi tulimuunga mkono, tukimsifu kwa uvumilivu. Matokeo yake, saa ya mazoezi ikifika alikuwa kavu kabisa, mazoezi hayaendi. Mwenye hofu ya figo aipeleke kwa daktari aliyemwandikia, ambaye anaweza kubadilisha dawa. Asiitatue kwenye pindo la kanga. Zile alizoandikiwa zinywewe kwa wakati, na mazoezi yafuate nusu saa hivi au saa moja baadaye, zikiwa zimeshika.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Jirani mmoja aliyepasuliwa mwaka jana alisikia "tembea", akatembea. Wiki ya tatu alikuwa anashuka barabarani na kupanda kila asubuhi, watu wakimshangilia. Goti likavimba kama papai, na goti lililovimba halikunji. Kutembea peke yake hakurudishi paja lililozimwa. Mtu hujifunza tu kuchechemea kwa kasi. Kipimo tulichopewa ni rahisi: maumivu ya wakati wa zoezi yawe ya kuvumilika na yatulie baada ya saa moja au mbili, na ukiamka goti limevimba kuliko jana, basi jana ulizidisha. Unaweka barafu iliyofungwa kwenye taulo, unainua mguu mzima, na leo unapunguza. Hupumziki siku tatu.

Shangazi alikuja na mafuta ya kondoo kutoka upande wa Arusha, tayari kuchua. Hapa sikuwa na adabu, nilimzuia mlangoni. Baada ya upasuaji wa namna hii damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani ya shavu la mguu. Shavu hilo likivimba na kuuma kuliko kawaida, hasa mguu mmoja, likiwa la moto au limebadilika rangi, kulichua ni kuhatarisha bonge la damu likatike na kupanda kwenye mapafu. Hilo ni la kurudi hospitali siku hiyo hiyo, na pumzi ikianza kukata au kifua kubana, ni la kukimbia. Kadhalika homa na kidonda kinachotoa usaha au kinacholoa baada ya kukauka. Zoezi la kukinga damu isigande ni lile la kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini kama anayekanyaga cherehani, na linafanyika hata mgeni akiwa anasimulia habari za msiba wa jana. Mafuta ya shangazi tulimpaka mgongoni. Alifurahi.

Sasa goti likunje mpaka wapi? Vitabu vya wenzetu vinazungumzia ngazi na magari. Kutembea tambarare kunahitaji kama nyuzi 65 hadi 70, ngazi zinakaribia 90, kunyanyuka kitini kunazidi hapo kidogo. Goti bandia likienda vizuri hufika 110 au 120. Ni sawa kwa mtu wa vyoo vya kukaa. Choo cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya 130, na kigoda cha jikoni nacho hakiko mbali. Hakuna aliyetuuliza kabla ya upasuaji nyumbani kuna choo gani. Fundi wa jirani alichukua kiti cha plastiki, akatoboa katikati, akakifunga mbao miguuni kisiteleze, kikawekwa juu ya tundu. Kazi ya jioni moja. Ingefanyika kabla mama hajarudi, asingemaliza siku mbili za kwanza akijizuia kula ili asiende chooni, jambo alilotuambia baadaye sana na kwa aibu.

Kuhusu kupiga magoti kanisani, aliuliza hilo kabla ya kuuliza lini atalima. Jibu alilopewa: kupiga magoti hakulivunji goti bandia, ila kovu linauma, na ngozi ya upande wa nje wa goti hubaki na ganzi kwa muda mrefu, kwa hiyo wengi hawalipendi. Asubiri kidonda kikomae, aulize daktari, aanze juu ya mto. (Mto umepata kazi nyingine.) Kwa sasa anakaa, na hakuna aliyemwangalia vibaya.

Mlima wenyewe ndio mtihani. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, unatangulia ule mgonjwa pamoja na fimbo. Na fimbo inashikwa mkono ulio kinyume na goti lililopasuliwa. Kaa saa moja barabara ya Kibosho uhesabu wazee walioshika fimbo upande wa goti linalouma, utashangaa. Wakati wa masika, udongo ule ukilowa, hata mimi mwenye magoti yangu ya kuzaliwa huwa nashuka kwa kuomba Mungu, ndiyo sababu nadhani mwenye nafasi ya kuchagua asipange upasuaji uangukie Machi au Aprili.

Nimefika kwenye lawama.

Tulichanga miezi saba. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na orodha yenye alama ya vema. Tulichanga upasuaji, kitanda, dawa. Siku mama alipotoka chumba cha upasuaji salama, mwenyekiti aliandika "Mungu mkubwa, kazi imekwisha," na kundi likageuka la kutakiana asubuhi njema. Kazi ilikuwa haijaanza. Hakukuwa na shilingi ya kumpeleka mama mjini kwa fiziotherapia, na kwenda si nauli ya daladala tu: wiki za kwanza mtu wa goti bandia hawezi kubanwa kwenye siti ya haisi goti likigonga mgongo wa kiti cha mbele, na bodaboda usiseme. Ni gari la kukodi, kwenda na kurudi. Alikwenda mara mbili.

Hospitali nayo ilitupa karatasi ya kuruhusiwa yenye dawa tano, tarehe ya kutoa nyuzi, na chini kabisa, kwa Kiingereza, neno moja ambalo dada alilitafsiri: mazoezi. Mazoezi gani, mara ngapi, mpaka lini, yakikataa nani aulizwe? Hakuna. Ungepewa antibiotiki iliyoandikwa "dawa" tu ungerudisha karatasi dirishani. Kwa nini mazoezi yanavumiliwa hivyo?

Najua jibu linalotolewa: wataalamu ni wachache, vifaa hakuna. La vifaa silikubali. Zile mashine za kukunja goti zenyewe zilipochunguzwa, mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona faida ya maana kwa mgonjwa wa kawaida. Hata kulazwa kwenye kituo cha mazoezi si lazima kwa wengi. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Australia uliogawa wagonjwa 165 kwa bahati nasibu, baadhi wakakaa siku 10 kwenye kituo kabla ya kuendelea nyumbani, wengine wakaenda nyumbani moja kwa moja na mazoezi yanayofuatiliwa. Wiki ya 26 walipimwa umbali wa kutembea kwa dakika 6. Hapakuwa na tofauti ya maana.

Wanafiziotherapia niliozungumza nao hukunja uso nikiutaja utafiti huo, wakihofia tutausoma kama ruhusa ya kuwaondoa. Wana haki. Neno zito mle ndani ni "yanayofuatiliwa". Mgonjwa wa Australia alikwenda nyumbani na programu, na mtaalamu alimwona kila baada ya muda. Mama mkubwa alikwenda nyumbani na kengele ya mbuzi. Kama si yule kijana kupita baada ya misa, wiki ya kumi tungekuwa na goti lililokwama chini ya nyuzi 90, na hapo daktari huanza kufikiria kumlaza mgonjwa usingizi na kulikunja kwa mikono. Njia hiyo ipo, husaidia zaidi ikifanywa mapema, na hakuna familia inayotaka kuichangia.

La uchache wa wataalamu nalikubali nusu. Ila hatuko porini. Hospitali ya rufaa ya KCMC imekuwepo Moshi tangu 1971, inafundisha fiziotherapia, na tangu 1981 pana chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa miguu bandia na vifaa saidizi kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Maarifa yanafundishwa bondeni pale, saa moja kutoka kitandani kwa mama mkubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapandisha mlimani, na kwa kiasi kikubwa yanaweza kupanda kwa simu. Mimi ningetaka bei ya upasuaji inayotajwa kwa familia, iwe ya bima au ya mfukoni, iwe na wiki 12 ndani yake. Mtaalamu akutane na mgonjwa kabla ya kisu, pamoja na yule atakayelala naye chumbani, si yule mwenye gari. Aulize choo, ngazi, kitanda, kilima. Atoe karatasi ya Kiswahili yenye picha. Kisha wiki ya 2, ya 4 na ya 6 aombe video fupi: mama akikaa, akikunja, akinyoosha, akitembea hatua kumi. Dakika tano za kazi. Anayekwama ndiye aitwe mjini, na nauli yake iwe ilishahesabiwa.

Mama mkubwa alifika mstari wa chaki wa kumi na nne wiki ya kumi na moja. Goti linakunja nyuzi 105 na linanyooka karibu lote. Bado linavimba jioni, na tuliambiwa linaweza kufanya hivyo miezi sita au zaidi. Anashuka mpaka kwenye mfereji peke yake, kwa fimbo, mkono wa kushoto. Kengele imerudi kwa mbuzi.

Sasa goti la kushoto, lililobeba mzigo wa mwenzake miaka yote, limechoka nalo. Mwezi uliopita kundi la WhatsApp lilifufuka, mwenyekiti yule yule, akaomba makadirio. Mama mkubwa akamwita mjukuu, akamwambia alete daftari na kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani. Mstari wa kwanza, juu ya upasuaji, juu ya dawa na kitanda: gari la kwenda mazoezi. Chini yake: kiti cha choo, kitengenezwe kabla. Mjukuu akauliza kama naye alipwe kwa kuhesabu maharage. Akaambiwa atalipwa kwa yale aliyoyaiba.